Pumzi ya Udongo Ulioungua

Kahaso Baya hakuwa mtu wa kurudia kazi. Akifua, nguo inatakata kwa mfuo mmoja. Akimkanya bintiye Purity, neno linatoka mara moja na mtoto anasikia. Na akipima udongo, anapima, anaandika, anakwenda zake. Kwa hiyo Alhamisi ile alipojikuta amepiga magoti mbele ya pete ileile kwa mara ya nne, alijua pana jambo.

Pete yenyewe ilikuwa kipande cha bomba la plastiki, upana wake kama sahani, kilichozamishwa ardhini kikaacha ukingo mdogo juu. Juu ya pete hufunikwa ndoo nyeusi yenye mpira mwembamba unaokwenda hadi kwenye mashine. Hewa inayotoka udongoni hunaswa ndani ya ndoo, nayo mashine huivuta na kuihesabu: hewa ukaa kiasi gani, methani kiasi gani. Dakika tatu, basi.

"Udongo unapumua kama wewe," ndivyo alivyowajibu wanakijiji waliomuuliza anatafuta nini chini ya ndoo. "Mimi nahesabu pumzi."

Mwezi wa Februari mwaka uliotangulia, mrina asali mmoja aliingia msitu wa Sokoke na kienge cha moto. Nyuki walimzidi, akakitupa kienge akakimbia, na moto ukala majani makavu chini ya miti ya mirihi kwa siku mbili. Mwezi uliofuata mradi wa utafiti ulikuja kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake kwa msitu ule: udongo ukishaungua, hutoa gesi kiasi gani za kuongeza joto duniani, na maji yakiupata inakuwaje? Wakachagua vipande vinne vya ardhi iliyoungua na vinne ambavyo moto haukuvifikia. Kila kipande kikapewa pete tatu, na pete zote zikapewa Kahaso.

Alikuwa na diploma ya misitu, aliyoisoma Purity akiwa mgongoni. Kila Alhamisi, mwaka mzima na zaidi, alikwenda. Alikwenda na homa. Alikwenda siku ya matanga ya shemeji yake, akarudi kabla ya chakula, wakwe wakasema wee mpaka wakachoka. Daftari lake lilikuwa na Alhamisi hamsini na tatu, hakuna hata moja iliyorukwa.

Sasa Alhamisi ya hamsini na tatu ilikuwa inamtoa jasho. Ilikuwa katikati ya Machi, udongo mkavu kama unga. Wakati wa kiangazi, ndani ya dakika tatu, hesabu ya hewa ukaa kwenye vipande vilivyoungua hupanda hatua kumi na mbili, kumi na tatu. Leo kipande cha kwanza kilipanda sabini na nne. Cha pili, sitini na nane. Cha tatu na cha nne vilikuwa palepale pa siku zote, kumi na mbili. Akaangalia mpira kama umetoboka, akafunga na kufungua mashine, akapima tena. Sabini na tatu. Mvua haikuwa imenyesha tangu Januari. Kipima unyevu, chenye miiba mirefu ya kuchomekwa ardhini, hakikuonyesha tofauti ya maana.

"Haya," akajiambia kwa sauti. "Kilichopo ndicho kitakachoandikwa."

Akaandika. Jioni akatuma hesabu kwa simu kwa Daktari Yesha, mkuu wa mradi, kama kawaida.

Ijumaa ilikuwa siku ya wageni. Daktari Yesha alikuwa anakuja kukagua vipande vyote na kuamua kama hesabu za mwaka mzima zitaingia kwenye ripoti ya mradi. Alikuwa mzaliwa wa Malindi, wa familia ya wenye duka la vitambaa, mwanamke mdogo wa umbo na mpole wa maneno. Pamoja naye alikuja Owen, kijana wa Mnarani, Kilifi, aliyekuwa akisomea shahada ya pili Nairobi, mwenye kompyuta mkononi na majibu mdomoni.

Walimkuta Kahaso amefika, pamoja na Kanze, mjane mzee aliyepewa na mradi kazi ya kulinda pete zisichezewe na mbuzi wala watu. Kila mtu alimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama.

"Shikamoo, Hawe," Yesha akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Njia mmeiona?"

"Tumeiona. Safi kweli."

Hawe Kanze akatabasamu kama aliyepewa zawadi. Njia ya kuingilia ilikuwa imefagiwa, michirizi ya fagio bado inaonekana. Kahaso alikuwa ameiona tangu jana, akafurahi kimoyomoyo kwamba wageni watakuta mahali pa watu.

Owen hakuwa na habari na njia. Alifungua kompyuta juu ya gogo. "Dada Kahaso, nimeziona hesabu za jana. Sabini na nne?"

"Sabini na nne."

"Kwenye udongo uliokufa kwa moto, mkavu, hakuna mvua?"

"Nani kakwambia umekufa?"

Owen akacheka kidogo. "Haiwezekani, dada. Unajua kinacholeta hesabu kama hizi? Pumzi. Mtu akiinama juu ya ndoo akipumua, mashine inahesabu mapafu yake, haihesabu udongo. Ni kosa la wanaoanza."

"Nina mwaka mzima hapa. Nimeanza lini, leo?"

"Ndilo linalonitia wasiwasi." Akamgeukia Yesha. "Daktari, kama jana alipumulia ndoo, tutajuaje hakufanya hivyo mwezi wa Juni? Au Septemba? Mimi naona hesabu za vipande vilivyoungua tuziweke kando zote. Tulete timu ya chuo ianze upya."

Alhamisi hamsini na tatu kutupwa kama maji ya vyombo! Kahaso akamtazama Yesha, naye Yesha alikuwa ameshika kidevu.

"Daktari," Kahaso akasema, "mimi naishi kwa kusema wazi. Kama nimekosea, nionyeshwe nilipokosea. Kuambiwa 'labda ulipumua' sikubali. Kila kiumbe kinapumua. Mimi napima nikisimama upande upepo unakokwenda, na uso nimeugeuza. Mwulize Hawe."

"Kweli," Hawe Kanze akadakia. "Husimama amegeuka kama mtu aliyemnunia mumewe."

Yesha akacheka bila kutaka, kisha akawa makini tena. "Kahaso, mimi sikushuku. Lakini ripoti inakwenda Jumatatu. Nikiulizwa kwa nini vipande viwili viliruka na viwili havikuruka, niwe na jibu. Nisipokuwa nalo leo, Owen ana haki. Nitaziweka kando."

Basi, hapo ndipo mambo yalipofika: jibu kabla ya jua kuzama, au mwaka uende.

Kahaso akaenda kwenye kipande cha kwanza, akasimama akitazama chini bila kugusa kitu. Mchanga mweusi wa majivu, pete tatu, vikonyo viwili vya majani mapya. Akaenda cha pili. Kisha cha tatu. Akarudi cha kwanza. Alikuwa mama wa nyumba kabla ya kuwa mtaalamu wa lolote, na jicho la mama wa nyumba ndilo lililoona. Kwenye kipande cha tatu, kila ukikanyaga, majivu yanaruka na kukukaa kwenye vidole. Kwenye cha kwanza hayaruki. Yamelala, yametengeneza ngozi nyembamba yenye vishimo vidogo vidogo, kama uwanja wa nyumba asubuhi.

Kama uwanja wa nyumba asubuhi.

"Hawe," akaita. "Juzi ulipofagia njia, ulinyunyiza maji?"

"Si juzi, ni jana alfajiri. Ulisema wageni Ijumaa, nikaona nianze mapema. Sasa mwanangu, nitafagiaje pakavu? Vumbi lote lingerudi pale pale."

"Ulinyunyiza njia tu?"

Hawe Kanze akamwangalia kama aliyeulizwa kama huwa anaosha mikono. "Njia, na pale watakaposimama wageni. Hayo majivu yangewaharibia nguo. Ufagio sikuuingiza karibu na pete, uliniambia nisiingize. Nilinyunyiza tu. Nikamaliza hapa na hapa," akaonyesha kipande cha kwanza na cha pili, "mtungi ukaisha. Kisima ni mbali, nikasema wageni wataanzia huku, watosheke."

Owen akafunga kompyuta taratibu.

Hawe Kanze akatazama nyuso zao moja moja, na tabasamu likamtoka. "Nimeharibu?"

Kahaso alihisi hasira inapanda, akaiacha ipande, akaiona ilivyo, akaimeza. Kwa sababu yeye ndiye aliyesema usiguse kwa ufagio, hakusema habari ya maji. Yeye ndiye aliyeziona alama za ufagio jana saa nne akafurahi badala ya kuuliza. Mwanamke gani wa Kigiriama, mgeni akija, hufagia bila kunyunyiza? Alipaswa kujua. Alijua, ila alikuwa ameacha akili hiyo nyumbani akaja msituni na akili ya diploma peke yake.

"Hukuharibu, Hawe," akasema. "Nilikosea mimi, sikukueleza. Sasa tutaitazama kazi yako."

"Kwa hiyo ni maji tu," Owen akasema. "Basi hesabu za jana si za asili. Tunazifuta."

"Ngoja kufuta. Kufuta ni kazi rahisi, hata mtoto anaweza. Hivi punde ulisema udongo huu umekufa. Maji ya kunyunyiza uwanja yanamfufua maiti?" Kahaso akavuta sanduku la mashine, akaliweka miguuni pake. "Kipande cha tatu na cha nne bado ni vikavu. Pima wewe. Mimi nitasimama kule kwenye mrihi, pumzi zangu zisije zikakusumbua."

Yesha akaweka mkono mdomoni. "Pima, Owen."

Owen akapima. Alipiga magoti, akageuza uso, akazuia pumzi mpaka shingo ikamvimba. Kipande cha tatu: kumi na mbili. Cha nne: kumi na tatu. Kisha Kahaso akawapeleka kwenye vipande viwili vya msitu usioungua, wenye zulia la majani makavu. Kumi na tano, kumi na sita. Kila namba Kahaso aliiandika akiwa mbali, akitajiwa.

"Hawe, leta kile ulichonyunyizia."

Hawe Kanze akaleta mkebe wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa matundu chini kwa msumari. Kahaso hakumruhusu kunyunyiza ardhini kwanza. Alichukua kifuniko cha ndoo, chenye upana sawasawa na pete, akakiweka chini kikiwa kimepinduliwa. "Nyunyiza hapa kama ulivyofanya jana. Usijitie adabu, usipunguze, usiongeze. Kama uko uwanjani kwako."

Mkono wa mwanamke aliyefagia uwanja kwa miaka hamsini hautetereki. Mkebe ulipita mara mbili, kwenda na kurudi. Kahaso akamimina yale maji kwenye chupa yenye alama. Yalikuwa karibu nusu kikombe cha chai. Akamwambia arudie. Ikawa vilevile, tofauti ya kijiko. Mara ya tatu, vilevile.

"Nimepata kuona mashine za maabara za kunyunyiza zisizolingana hivi," Yesha akasema.

"Hii haitaki umeme," Hawe Kanze akajibu, akiwa ameanza kurudiwa na uchangamfu.

Akanyunyiza kipande cha tatu na cha nne, kisha vile viwili vya msitu mzima. Kipima unyevu kilipochomekwa, kikasoma karibu vilevile kama mwanzo, kwa maana miiba yake ilikwenda chini sana, na maji yalikuwa yamelowesha tabaka la juu tu, kina cha ukucha. Ndiyo maana jana hakikumsaidia Kahaso. Harufu ikapanda, ile ya vumbi likionja maji. Yesha akavuta pumzi ndefu.

"Nyanya yangu Gomti alikuwa akimwaga maji mbele ya duka kila asubuhi kabla ya kufungua," akasema. "Nilidhani ile harufu ni ya Malindi. Kumbe ni vijidudu vya udongo vinaamka."

"Vinaamka na njaa," Kahaso akasema. "Vimelala kiangazi kizima. Moto umeviachia mizizi iliyokufa na majivu, chakula kipo ila maji hakuna. Ukivipa hata tone, vinakula, na vikila vinapumua. Pima sasa, nusu saa imetimia."

Owen akapiga magoti kwenye kipande cha tatu. Hesabu ilianza kupanda kabla hajatulia vizuri. Ishirini. Thelathini na moja. Dakika ya tatu ikaisha kwenye arubaini na tisa. Akahamia cha nne: arubaini na saba.

Walikula mihogo ya kuchemsha na pilipili ambayo Hawe Kanze aliileta, wakasubiri. Saa sita mchana Owen alipima tena, safari hii bila kuambiwa na mtu. Kipande cha tatu, sabini na moja. Cha nne, sabini.

"Sabini na moja," Owen akasoma, sauti imeshuka.

"Siisikii, niko mbali," Kahaso akasema kutoka kwenye mrihi.

"Sabini na moja!"

"Ahsante. Naandika."

Kwenye msitu usioungua, hesabu ilipanda kutoka kumi na tano hadi ishirini na mbili tu. Owen akakunja uso. "Lakini huku maji ni yaleyale."

"Maji ni yaleyale," Hawe Kanze akamwambia kwa upole, akiinua jani moja kwa ncha ya kidole. Jani lilikuwa limelowa. Mchanga chini yake ulikuwa mkavu. "Majani yamekunywa kwanza, mwanangu. Kule hayapo, yaliungua. Udongo uko uchi, tone likianguka ni lake."

Yesha aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

Sasa Kahaso akatoka kwenye mrihi, akaja na daftari lake, akalifungua kurasa za mwaka jana. Aliyokuwa anataka kuyasema hayakuwa matamu kwake, lakini hakuzungusha. "Daktari, kuna jambo lingine, na hili ni juu yangu. Mvua ya kwanza mwaka jana ilinyesha usiku wa Ijumaa, mwezi wa Aprili. Mimi nilipima Alhamisi iliyofuata, siku sita baadaye. Tazama: kumi na tisa, ishirini. Niliandika kwamba mvua haikubadilisha sana. Kumbe ule mruko ulikuja ukaisha mimi nikiwa nyumbani nasubiri Alhamisi."

"Kwa hiyo hesabu za mwaka..." Owen akaanza.

"Hesabu za mwaka ni za kweli, za Alhamisi. Hakuna hata moja niliyoipumulia. Ila Alhamisi peke yake haitoshi. Anayetaka kujua udongo ulioungua hutoa nini, awe hapa tone la kwanza linapoanguka, iwe Jumapili, iwe sikukuu."

Yesha alipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Haukuwa mchezo, alisoma. Aliona tarehe, saa, joto la udongo, upepo ulikotoka. Aliona mahali palipoandikwa "nina homa, mkono unatetemeka, nimepima mara mbili." Alipofika mwisho alilifunga kwa mikono miwili.

"Zinaingia zote," akasema. "Hamsini na tatu. Ya jana inaingia katika safu yake, na sababu yake pembeni. Majaribio ya leo yanakuwa sura nzima. Mimi nimekuja hapa kutafuta kama kuna kosa, naondoka na kitu ambacho mradi haukufikiria kukiuliza." Akamgeukia Kahaso. "Nitakiandikaje kifaa cha kunyunyizia?"

"Andika mkebe wa mafuta wa kilo moja, matundu ishirini na mawili, msumari wa inchi mbili. Nimeyahesabu. Na uandike aliyeushika: Kanze Mwambire. Jina lake lote, si 'msaidizi wa kijijini'."

"Na jina lako?"

"Langu liandike kwanza," Kahaso akasema. "Owen aje nyuma yetu."

Hawe Kanze akapiga kigelegele kifupi, kile cha kukata katikati kwa sababu watu wako kazini, na ndege fulani akaruka kutoka juu ya mrihi. Yesha akaandika majina kwa mpangilio ule ule alioambiwa. Kahaso alisimama wima akimtazama akiandika, mikono ameikunja kifuani, majivu yamempaka mpaka magotini, wala hakuona haya kutabasamu kwa meno yote.

Walipokuwa wakifunga vitu, Owen alimsogelea. Alikuwa na majivu puani.

"Mama Purity," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nisamehe kwa yale ya asubuhi. Masika ikianza, niite nami nije."

"Uko Kilifi au Nairobi?"

"Nitakaa Kilifi mpaka inyeshe."

Kahaso akampima kwa macho, kutoka juu hadi chini, kama anavyopimwa mbuzi wa kununua. "Nitakupigia simu," akasema. "Usipopokea, tumekwenda."